Ukialikwa Sinagogi Jumamosi Asubuhi
Mhadhara kwa Waafrika Mashariki waishio Marekani ya Kaskazini



Nimeombwa nizungumzie jambo linalowafika wenzetu wengi wanaoishi Marekani na Kanada, na ambalo hakuna aliyetufunda kabla hatujapanda ndege. Mmoja wenu anamtunza bibi mzee wa Kiyahudi: anamwogesha, anampa dawa, anamsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Mwingine mtoto wake anasoma darasa moja na mtoto wa Kiyahudi. Mwingine bosi wake kazini ni Myahudi. Siku moja inafika kadi nzito, karatasi ya bei, jina lako limeandikwa kwa mwandiko wa madaha: unakaribishwa Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi, katika sinagogi fulani, umshuhudie kijana fulani akiitwa kwenye Torati kwa bar mitzva yake. Kama ni binti, imeandikwa bat mitzva. Unatafuta nguo, unatafuta zawadi, unakwenda. Halafu unakaa mle ndani, watu wanasimama na kukaa, wanaimba kwa lugha usiyoijua, muda unayoyoma, nawe unajiuliza moyoni: sasa shughuli yenyewe inaanza lini?

Jibu langu ni fupi. Shughuli ilianza kabla hujafika, na Jumamosi hiyo ingefanyika vilevile hata kama mtoto yule asingezaliwa. Ibada si ya mtoto. Ni ibada ya Sabato, ile ile ya kila juma, na mtoto ameingia ndani yake kushika sehemu yake. Mgeni akilielewa hilo, mengine yote yatamkalia vizuri. Asipolielewa atachoka, na uchovu wake utaonekana.

Sisi tumezoea shughuli zenye mwenyewe. Iwe harusi, iwe kipaimara, iwe mahafali ya chekechea, kuna MC, kuna kamati, kuna meza kuu, kuna mgeni rasmi anayechelewa, na kuna mpiga picha anayekatiza mbele ya kila mtu. Sinagogi hakuna MC. Hakuna atakayetangaza kwamba sasa tunaingia kipengele cha mtoto. Rabi atataja namba ya ukurasa, basi. Mtoto mwenyewe anaweza kuwa amekaa mstari wa mbele na wazazi wake kwa muda mrefu, anatikisa mguu, na usimtambue.

Nianze na umri. Kwa sheria ya Kiyahudi, mvulana akitimiza miaka 13 anawajibika mwenyewe kwa amri za Mungu. Msichana ni 12, ingawa jumuiya nyingi za Marekani humsubirisha naye mpaka 13. Uwajibikaji huo huja wenyewe siku ya kuzaliwa inapofika. Hauletwi na sherehe, wala rabi hana cheti cha kuutoa. Mtoto asiyefanyiwa chochote, aliyelala kitandani na mafua siku hiyo, ni bar mitzva sawasawa na yule aliyekodiwa ukumbi. Kuanzia hapo afunge siku ya Upatanisho, Yom Kippur, kama watu wazima, na ahesabiwe katika ile idadi ya watu wazima kumi ambayo bila kutimia sala fulani haziwezi kusaliwa. Kuhesabiwa huko kuna uzito kuliko inavyosikika. Iko misiba ambapo watu tisa husimama wakimngoja wa kumi ili mfiwa aweze kusali, na kijana wa miaka 13 akitokea mlangoni, sala inaanza.

Mtu wa kwetu akisikia habari ya mtoto kuingia utu uzima, mawazo yanamwenda jandoni, na nimewahi kuulizwa kwa sauti ya chini kama mtoto atakatwa mbele za watu. Hapana. Mvulana wa Kiyahudi hutahiriwa akiwa na siku nane. Wala hapa hakuna kuwekwa ndani, hakuna kungwi, hakuna siri. Mafunzo yamefanyika waziwazi kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka mzima, na siku ya leo mtoto anaonyesha alichojifunza mbele ya watu wanaokijua na watu wasiokijua, wewe ukiwamo.

Sherehe yenyewe haimo katika Torati. Ilikua polepole miongoni mwa Wayahudi wa Ulaya katika zama za kati. Ya mabinti ni changa zaidi: anayetajwa kuwa wa kwanza Marekani ni Judith Kaplan, mjini New York, tarehe 18 Machi 1922, binti wa rabi Mordecai Kaplan. Hakusomea kwenye gombo la Torati. Alisoma kutoka katika kitabu cha chapa, akiwa amesimama mbali kidogo na gombo. Leo katika sinagogi nyingi za Marekani binti hufanya yote anayofanya mvulana. Katika nyingi za Kiorthodoksi hafanyi, bali hutoa hotuba, au familia humwandalia hafla kivyake.

Hapo nimegusa jambo la kuuliza mapema. Wayahudi wa Marekani wana madhehebu, na makubwa ni matatu: Waorthodoksi, Wakonsavativu na Wareformu. Waulize waliokualika sinagogi yao ni ya upande gani, hawataona vibaya. Kwa Waorthodoksi wanaume na wanawake hukaa mbalimbali, kati yao kuna kizuizi, na mume na mke watakutana baada ya ibada. Kwa hao wengine wawili familia hukaa pamoja. Kwa Wareformu unaweza kusikia gitaa au kinanda, sehemu kubwa ya ibada ikawa kwa Kiingereza, na ukatoka baada ya saa mbili hivi. Kwa Waorthodoksi hakuna ala wala kipaza sauti siku ya Sabato, karibu kila kitu ni Kiebrania, na itachukua saa tatu au zaidi. Kula kabla hujatoka nyumbani.

Mlangoni utakuta mlinzi, pengine askari polisi mwenye bunduki. Atakuuliza umealikwa na nani, atataka kufungua mkoba wako. Tarehe 27 Oktoba 2018, Jumamosi asubuhi kama hii, mtu mwenye silaha aliingia katika sinagogi ya Tree of Life mjini Pittsburgh akaua watu 11 waliokuja kusali. Mlinzi ana hilo kichwani. Sisi tuliopekuliwa milango ya maduka makubwa ya Nairobi tangu shambulio la Westgate mwaka 2013 hatuna sababu ya kununa. Chukua kitambulisho, taja jina la familia, ingia. Ila nakiri kwamba mtu mweusi asiyejulikana huweza kuulizwa maswali mengi kuliko mgeni mwingine, na Wayahudi weusi wenyewe wamelilalamikia hilo. Ukiona hivyo, mwombe mlinzi amwite mwenyeji wako. Usigeuke ukarudi nyumbani.

Ukishaingia utaona sanduku au kikapu cha kofia ndogo za duara, za kitambaa au satini. Hizo ni kipa. Wanaume wote huombwa kuvaa, Myahudi na asiye Myahudi, na hiyo ni heshima ya mahali tu, haikuingizi katika dini yoyote. Mgeni Mwislamu aliyekuja na kofia yake ya vito, ya kushonwa kwa mkono Lamu au Zanzibar, abaki nayo. Kichwa kimefunikwa, imetosha. Wanawake katika sinagogi za Kiorthodoksi wafunike mabega na magoti; gauni refu la kitenge ni vazi zuri kabisa, na mwenye hijabu hana la kubadilisha. Wanaume ni suti, au angalau shati na koti.

Karibu na kofia huwa pana mashuka meupe yenye mistari na vishada pembeni. Hayo ni talit, shuka la sala, na si yako. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nawajua watu wetu. Makanisa mengi ya uamsho kule nyumbani yamepokea bendera ya Israeli, baragumu la pembe ya kondoo na hata hayo mashuka, na wako wanaodhani kwamba kuja sinagogi na shuka lililonunuliwa kanisani ni kuwaheshimu wenyeji. Talit ni vazi la amri, na aliyefungwa na amri hiyo ni Myahudi. Liache nyumbani. Baragumu liache pia, maana hata wao hawalipigi siku ya Sabato. Na kama una neno la unabii kuhusu taifa la Israeli, asubuhi ya mtoto huyu si mahali pake.

Simu ni jambo lingine. Katika Sabato ya Waorthodoksi, na ya Wakonsavativu wengi, hakuna simu, hakuna picha, hakuna kuandika. Zima kabisa, usiweke mtetemo tu. Ile picha ya mtoto akiwa na gombo la Torati ambayo umeiona imening'inia sebuleni kwa watu ilipigwa siku nyingine ya juma, wakati wa mazoezi. Zawadi nayo usiibebe siku hiyo. Itume nyumbani kwao kabla au baada, au ipeleke kwenye hafla ya usiku. Bahasha ukimkabidhi baba wa mtoto mlangoni mwa sinagogi ya Kiorthodoksi, umempa mtu fedha asizoweza kuzishika siku ya Sabato, naye kwa adabu atashindwa kukuambia.

Ukikaa, utapewa vitabu, mara nyingi viwili: kimoja cha sala, kingine cha Torati na tafsiri yake. Vyote hufunguliwa kutoka kulia, na Waswahili waliopitia madrasa hawapati taabu hapo. Fuata namba za ukurasa. Ukipotea, tulia, jirani yako atakigeuza kitabu chako bila kuombwa, maana kumwonyesha mgeni ukurasa ni furaha ya wazee wa sinagogi. Wakisimama simama, wakikaa kaa. Kupiga magoti hakuna. Kuna sala ndefu ya kusimama ambayo kila mtu huisali kwa kunong'ona, miguu pamoja, na anapomaliza hurudi nyuma hatua tatu. Wewe simama kimya au keti kimya, na usipite mbele ya mtu aliye katikati yake.

Utashangazwa na kelele. Mkristo aliyelelewa katika kanisa lenye nidhamu ya benchi ataona watu wanaingia kwa kuchelewa, wanasalimiana, watoto wanakimbia ujiani, mzee anasali kwa sauti yake na kwa mwendo wake akiwa kurasa mbili mbele ya wengine. Hasa kwa Waorthodoksi ndivyo ilivyo, nao hawaoni kasoro. Nyumba ya sala ni nyumba yao ya kila juma, na mtu nyumbani kwake hakai kama yuko mahakamani. Hata hivyo ziko nyakati tatu za kutotoka wala kuingia: kabati takatifu la magombo ya Torati linapokuwa wazi, rabi au mtoto anapohutubia, na ile sala ya kunong'ona.

Sasa tufike penye uzito. Kabati takatifu liko ukutani mbele, kwa kawaida upande wa mashariki kwa sinagogi za Marekani, kuelekea Yerusalemu. Watu wote wanasimama, kabati linafunguliwa, na ndani yake yamesimama magombo yamevikwa mavazi ya mahameli, mengine na mataji ya fedha yenye njuga. Gombo moja linatolewa na kuzungushwa kati ya watu. Linapopita, watu hunyoosha kishada cha talit au pembe ya kitabu, huligusa vazi la gombo, kisha hukibusu kile walichogusia. Mgeni halazimiki. Geuka tu ulifuate kwa macho, usilipe mgongo.

Likilazwa mezani na kuvuliwa, utaona kwa nini wanalibeba kama kitoto kichanga. Ni ngozi ya mnyama aliye halali kwao, vipande vimeshonwa pamoja, na vitabu vyote vitano vya Musa vimeandikwa kwa mkono: kwa hesabu iliyozoeleka herufi 304,805. Ikikosekana moja, gombo halisomwi mpaka lirekebishwe. Kidole hakigusi maandishi. Msomaji hushika kijiti cha fedha chenye ncha iliyochongwa mfano wa mkono mdogo, kidole cha shahada kimenyooka, na hicho ndicho kinachotembea juu ya mistari.

Na mistari hiyo ni migumu. Kiebrania cha gombo kimeandikwa konsonanti tupu. Hakuna alama za irabu, hakuna nukta, hakuna mkato, wala alama za mahadhi. Msomaji lazima awe amekariri irabu za kila neno, aya inaishia wapi, na kila neno lina mahadhi gani, maana Torati haisomwi kwa sauti ya kawaida, inaghaniwa kwa kanuni za kale. Aliyewahi kukaa kwenye khitma ya mtoto kule Pwani, akamsikia akisoma mbele ya walimu kwa tajwidi huku kila sikio likinyemelea kosa, anaijua hofu iliyoko kwenye koo la mtoto huyu. Tofauti ni kwamba msahafu wa mtoto wa madrasa una irabu zake zote.

Kila Sabato watu saba huitwa mmoja mmoja kubariki usomaji, na mmoja wa nyongeza mwishoni. Anayeitwa hutajwa kwa jina lake la Kiebrania, fulani mwana wa fulani, anapanda jukwaani, anasema baraka, sehemu yake inasomwa, anabariki tena, anamkabidhi nafasi mwingine. Wa kwanza ni wa ukoo wa makuhani kama yupo, wa pili ni Mlawi. Hapa ndipo wajomba na mashangazi wa mtoto hupewa heshima zao, na hapa ndipo mgeni huanza kusinzia, kwa sababu majina yanapita naye anamsubiri yule mmoja. Usisinzie. Mtoto mara nyingi ndiye wa mwisho.

Akiitwa, mwangalie. Kwanza anatafuta mahali pa kuanzia. Anayesimamia usomaji humwonyesha. Anagusa pale kwa pembe ya talit, anaibusu, anashika mipini miwili ya mbao ya gombo, anaanza. Mvulana wa miaka 13 sauti yake iko katikati ya kuvunjika, na juu ya neno refu huweza kumtoroka ikapanda kisha ikashuka. Hakuna anayecheka. Kando yake wamesimama watu wazima wawili wenye kitabu cha chapa, wanafuata kila neno. Akikosea neno kiasi cha kubadili maana, watamsahihisha pale pale, kwa sauti, na atarudia. Wageni hushtuka kwa hilo. Nimemwona mama mmoja wa Kikongo karibu yangu akishika mdomo, akidhani mtoto ameaibishwa. Hajaaibishwa. Usomaji ni haki ya watu wote waliokuja kuusikia, wapate neno kama lilivyoandikwa, na mtu mzima akikosea husahihishwa vivyo hivyo, hata rabi. Kwa maoni yangu hapo ndipo mtoto anapoingizwa utu uzimani hasa: amesahihishwa kama mkubwa, bila kubembelezwa.

Baada ya Torati huja fungu kutoka vitabu vya manabii, na hilo mtoto hulighani peke yake, kwa mahadhi mengine. Kabla yake, au mtoto anaposhuka, wazazi katika jumuiya nyingi husema baraka fupi ya ajabu: wanamshukuru Mungu kwa kuwaondolea dhima ya huyu. Makosa yake tangu leo ni yake. Wazazi wengine husema huku wanalia, wengine huku wanacheka.

Kisha jiandae kupigwa peremende. Katika sinagogi nyingi, mtoto akimaliza tu, watu humrushia peremende laini, na watoto wadogo wote wa jumuiya huvamia jukwaa kuziokota. Ukigawiwa peremende mapema usiile. Rusha kwa upole na usimlenge rabi, ingawa wapo wanaomlenga.

Mtoto atatoa pia hotuba. Fungu la Torati la juma hilo limepangwa na kalenda, halichaguliwi, kwa hiyo mtoto anaweza kuangukiwa na habari za sadaka za kuteketezwa, au sheria za ukoma, au orodha ya majina. Lazima apate la kusema. Nimesikia hotuba dhaifu zilizoandikwa na baba, na nimesikia binti akibishana na Ibrahimu juu ya Isaka kwa hoja ambayo rabi alishindwa kuijibu pale pale. Sikiliza kwa makini. Ukikutana na mtoto baadaye mtajie jambo moja alilosema. Hiyo itampendeza kuliko bahasha.

Vipi kuhusu dhamiri yako mwenyewe? Wapo kati yetu wanaoogopa kwamba kukaa mle ni kukana imani. Hutatakiwa kutamka chochote. Kuitwa kubariki Torati ni kwa Wayahudi tu, kwa hiyo hutajikuta umesukumwa jukwaani. Katika sinagogi za Kireformu huenda rafiki wa karibu wa familia asiye Myahudi akaombwa asome dua ya amani au ya nchi kwa Kiingereza. Ukiombwa na moyo wako hautaki, kataa kwa shukrani, mapema. "Amina" wanaitika kama tunavyoitika sisi. Ishara ya msalaba usifanye.

Karibu na mwisho, baadhi ya watu husimama peke yao, wengine wamekaa, na kusema maneno kwa Kiaramu ambayo wengine huyaitikia. Hiyo ni Kadishi, sala ya wafiwa. Mwana husema Kadishi ya mzazi wake kwa miezi kumi na moja. Ndani ya maneno yake kifo hakitajwi hata mara moja. Ni sifa za Mungu tupu. Sijaona familia inayoiondoa eti kwa sababu leo ni siku ya furaha. Bibi yule unayemsukuma kwenye kiti anaweza kutaka umsaidie asimame hapo kwa ajili ya mumewe. Msaidie, na umshike mpaka amalize.

Halafu chakula. Kikombe cha divai kinabarikiwa, na wasiokunywa hupata maji ya zabibu; uliza tu. Ikiwa watakaa mezani, watanawa mikono kwa kumiminia maji kutoka kikombe chenye mishikio miwili, na kati ya kunawa na kuonja mkate hawasemi neno. Mwenyeji wako akikutazama bila kuitikia salamu yako, hajakukasirikia. Ngoja mkate ukatwe. Chakula chenyewe ni kosheri: nguruwe hakuna, kamba na kaa hakuna, na nyama haichanganywi na maziwa, kwa hiyo usiombe maziwa ya chai baada ya kula nyama. Utakuta samaki wa chumvi, mayai, saladi, na kwa Waorthodoksi chungu cha maharage, viazi na nyama kilichowekwa motoni tangu Ijumaa kabla jua halijazama, kwa kuwa Sabato hakupikwi. Waislamu wengi huila nyama yao kwa kuwa ni ya Watu wa Kitabu. Wengine hujizuia, na hakuna atakayewauliza kwa nini.

Kuhusu zawadi, fedha ni sawa, na desturi ni kutoa kiasi kinachogawanyika kwa 18: dola 18, 36, 54. Herufi za Kiebrania zina thamani ya hesabu, na neno lenye maana ya "hai" hujumlika kuwa 18. Mtunza wazee anayelipwa kwa saa hatarajiwi kushindana na wanasheria. Kitabu kizuri chenye maneno yako mawili ndani kinapokelewa kwa mikono miwili. Mpongeze mtoto na wazazi kwa "mazal tov", na watu wote "Shabat shalom".

Aliyeko nyumbani Afrika Mashariki naye asidhani haya yako ng'ambo tu. Sinagogi ya Nairobi imesimama pale Uhuru Highway inapokutana na University Way, na wengi wenu mmeipita kwa matatu bila kuigeukia. Huko Mbale, mashariki ya Uganda, wako Abayudaya, Waganda waliofuata uamuzi wa Semei Kakungulu wa mwaka 1919 wa kushika Torati. Idi Amin aliwapiga marufuku, wakaendelea kwa siri. Rabi wao Gershom Sizomu alipata daraja la urabi Marekani mwaka 2008 na kurudi kwa watu wake. Kwao zaburi huimbwa kwa Kiluganda pamoja na Kiebrania, na kijana wa Mbale huitwa kwenye Torati kama kijana wa New York.

Nimalizie na kadi. Ukumbi wa hafla ya usiku hulipwa kwa kichwa, sahani kwa sahani, na mwenyeji anangoja jibu lako ili atoe idadi kwa wapishi. Hiki ndicho tunachokosea zaidi: hatujibu, kisha tunafika na shemeji na watoto watatu. Walioandikwa kwenye bahasha ndio walioalikwa. Na kama zamu yako kazini inaruhusu kimoja tu, ibada au hafla, wengi huchagua hafla: muziki, ngoma ya duara, mtoto akiinuliwa juu kwenye kiti. Wanakosea. Hafla inaweza kukosekana kabisa, wala hakuna kitakachopungua kwa mtoto. Jibu kadi wiki ile ile inapofika, omba ruhusa ya asubuhi, na uwe umekaa kabla kabati halijafunguliwa.